Jicho la Kamera: Maswali yenu kuhusu jangwa, chumvi na mahame

Wapenzi wasomaji, mwezi huu meseji zenu zimenifurahisha sana maana karibu zote zinagusa kitu ninachokipenda kuliko vyote, yani kupiga picha sehemu tupu na vitu vilivyoachwa. Nimechagua sita. Zingine zinafanana fanana kwaiyo naamini kila mtu atapata lake humu humu.

Shikamoo dada. Mimi kijana wa Makorora hapahapa Tanga, nimepata mafunzo ya kazi Namibia mwezi wa sita na ntakua na wikiendi mbili huru. Nimeona picha za zile nyumba zilizojaa mchanga mpaka madirishani nikasema lazima nifike. Nina kamera ya kawaida na ile lenzi iliyokuja nayo dukani. Nifanyeje nisirudi na picha zilezile ambazo kila mtu anazo?

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Hapo panaitwa Kolmanskop, ni kama kilomita 10 kutoka mji wa Lüderitz ulioko baharini, na mimi nilishafika kwaiyo nakwambia kitu nilichokiona kwa macho.

Kwanza mambo ya jua maana wewe umezoea jua la Tanga. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linapanda wima na jioni linashuka haraka sana, ukifunga funga begi tu mwanga mzuri ushaisha. Kule wako mbali kusini, nyuzi kama 26, na mwezi wa sita ni baridi yao, kwaiyo hata saa sita mchana jua haliji utosini, linabaki chini upande wa kaskazini na vivuli vinakua virefu siku nzima. Una bahati ya mwezi. Ila ndani ya nyumba bado asubuhi ndo mwenyewe, mwanga unaingia kwa madirisha ya mashariki unatambaa juu ya mchanga na kila mkunjo unaonekana, alafu mchana upepo wa Lüderitz ukianza hutatamani kutoa kamera. Ulizia mapema kibali cha wapiga picha, kipo cha peke yake, kinakuruhusu kuingia jua likichomoza wakati wale wa tiketi ya kawaida bado hawajafunguliwa. Eneo lile liko ndani ya ardhi ya almasi, usije ukajikatia njia zako mwenyewe jangwani.

Ndani mwanga wa dirishani ni mkali na chumba kina giza, kamera haiwezi vyote viwili. Weka stendi, piga moja ukipimia dirisha na nyingine ukipimia ukuta, alafu nyumbani utaamua. Aisio (kile kipimo cha kamera kuhisi mwanga) weka chini kabisa, tundu la lenzi weka 8 au 11, na lenzi yako izungushe mpaka pale inapochukua eneo pana kabisa. Na unapoingia chumbani pita kando ya ukuta, usikanyage katikati, ule mchanga laini ukishaacha nyayo zako mwenzako anayekuja nyuma hana picha tena.

Sasa hilo swali lako la picha ambazo kila mtu anazo. Mimi lisaa la kwanza nilipiga milango tu, milango iliyokaa upande, milango iliyozikwa nusu, na ilipendeza kweli. Alafu nikakumbuka mji umeanzaje. Mwaka 1908 kibarua wa reli anaitwa Zacharias Lewala, kazi yake ilikua kufukua mchanga unaofunika reli, akaokota jiwe linalong'aa akampelekea msimamizi wake Mjerumani, August Stauch. Ilikua almasi. Stauch akatajirika, Lewala hakupata kitu. Ukaota mji wenye hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu, ukumbi wa dansi, alafu almasi kubwa zaidi zikaonekana kusini huko karibu na mto Orange, watu wakaanza kuhama, na mpaka 1956 hakuna aliyebaki. Na ile reli yenyewe ilijengwa kwa nguvu za wafungwa wa Kiherero na Kinama waliokua wamefungiwa pale Lüderitz kwenye kisiwa cha Shark Island, wakafa wengi mno. Tena ni Wajerumani walewale waliokua wanatawala na kwetu, reli yetu ya Tanga waliianza 1893.

Nilivyokumbuka hayo nikatoka nje. Nikasimama chini, usawa wa mchanga, nikapiga nyumba ya bosi ikiwa ndogo kule juu na mbele yangu mchanga mtupu ambao kuna mtu alikua analipwa kuufukua kila siku. Ndo picha pekee ya safari ile niliyoichapisha kubwa nikaitundika sebuleni. Wewe utaiona yako, ila soma kwanza habari za mahali kabla hujashika kamera maana ndo zinakwambia usimame wapi.

Wikiendi ya pili nenda Deadvlei, ile sehemu ya miti iliyokufa karne nyingi zilizopita na mpaka leo imesimama. Kutoka geti la Sesriem ni kama kilomita 60, na mwisho gari linataka kuvuta magurudumu yote manne. Uwahi sana. Kuna dakika chache ambapo tuta la nyuma lishawaka jua na lina rangi ya machungwa kabisa, huku chini kwenye udongo mweupe bado kivuli, miti inaonekana myeusi tii. Jua likishafika chini imetoka hiyo. Usiiguse miti wala usiiegemee. Na batri weka mfuko wa ndani wa jaketi, baridi ya alfajiri kule inazimaliza.

Dada mambo, niko Pangani. Mimi sina hela ya kwenda jangwani kwaiyo napiga mashamba ya chumvi na ufukwe maji yakitoka, natumia simu. Tatizo chumvi inatoka kijivu kama saruji. Simu mbovu?

Simu nzima kabisa! Kamera yoyote, ya simu au ya bei mbaya, inapima mwanga kama vile dunia nzima ina rangi ya wastani, sasa ukiionyesha uwanja mzima mweupe inaona mwanga umezidi inaupunguza, ndo chumvi inakua saruji. Na jangwa ni hivyohivyo, watu wanarudi na mchanga mchafu wakati ulikua unang'aa. Gusa chumvi kwenye kioo, kikitokea kile kialama cha jua kisukume juu kidogo mpaka uione nyeupe, ila uache ukiwa bado unaona punje na mistari, ukizidisha unabaki na karatasi tupu. Mwenye kamera aongeze moja au moja na nusu kwenye kile kipimo cha mwanga chenye alama ya + na -.

Na wala usijione uko nyuma. Majaruba ya chumvi saa kumi na moja jioni ni shule nzuri kweli ya jangwa, pametanda, hakuna mti, inabidi uwaze utaweka nini kwenye fremu. Weka kitu kimoja chenye kipimo tunachokijua wote, koleo, ndoo, mtu anayevuta chumvi kwa ubao (muombe kwanza, na umuonyeshe picha yake). Alafu subiri bamvua, maji yakitoka mbali kabisa utakuta mchanga wenye mikunjo midogo midogo, chuchumaa simu iguse karibu chini uelekee jua, ile mikunjo inakua matuta. Nimeshawahi kuonyesha watu picha ya hivyo wakaniuliza ni Sahara ya nchi gani.

Asalam aleikum. Swali fupi tu, mchanga umeingia kwenye lenzi yangu sasa nikizungusha inalia krr krr. Niifungue mwenyewe? (Msomaji, Chumbageni)

Waaleikum salam. Usifungue na usiendelee kuizungusha, kila ukizungusha unasaga. Mpelekee fundi wa kamera.

Kwa wengine: mchanga haupanguswi, unapulizwa. Nina lenzi ina mkwaruzo mpaka leo kwasababu nilipangusa kwa ncha ya kanga nikiwa ufukweni, kanga safi kabisa, ila punje mbili tatu zilikua juu ya kioo na kanga ikaziburuta. Nunua kile kipira cha kupulizia, puliza kioo kikiwa kimeangalia chini, alafu ndo kitambaa chake. Usipulize kwa mdomo, mate yanaenda nayo. Sehemu ya upepo usibadilishe lenzi, chagua moja ukiwa ndani ya gari ubaki nayo, na kamera ikae kwenye mfuko wa nailoni mpaka dakika ya kupiga. Kwetu pwani kuna adui mwingine mbaya kuliko mchanga nae ni ukungu, hewa ina maji na chumvi, lenzi ikikaa kabatini miezi inaota nyuzi nyeupe ndani. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka vingi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, kamera ilale humo.

Dada mimi niko Dunda, Bagamoyo. Napenda kupiga magofu ya Kaole na majahazi mabovu ufukweni. Shangazi yangu ananikataza, anasema makaburi sio pa kuchezea. Yeye ana makosa au mimi?

Shangazi ana haki ya kusema, na mimi nakuombea uendelee kupiga. Msikilize kwanza. Pale Kaole kuna waliozikwa, kuna watu mpaka leo wanaenda kuomba dua, kwaiyo ingia kama unavyoingia makaburini kwenu, toa salamu, usikae juu ya kaburi, usipande zile nguzo zilizojengwa juu ya makaburi, usimuweke rafiki yako amelala pozi pale. Tongoni huku kwetu njia ya kwenda Pangani ni hivyohivyo, makaburi kama 40 na nguzo nyingi zishaanguka, na jina lenyewe linasema, tongo ni mahame. Utaona kwenye nguzo za namna hii vishimo vya mviringo, humo zamani walipachika mabakuli ya Kichina. Mengi yamebanduliwa. Nikipiga kaburi la nguzo huwa nasogea mpaka kile kishimo kijae fremu, naona kinasema mengi kuliko nguzo nzima.

Sasa siri ambayo nimeipata kwa kurudi rudi miaka. Misikiti yetu ya zamani pwani hii imeelekea kibla, na kibla kwetu ni kaskazini kabisa. Maana yake uso wa mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, unaangalia kusini. Mwezi wa sita jua letu linapita upande wa kaskazini, kwaiyo mihrabu inakua kivulini kutwa nzima, picha inatoka bapa hata ufanyeje. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu jua linahamia kusini, na asubuhi ukisimama mbele ya mihrabu linakuja kutoka mkono wako wa kulia, linapita kwa ubavu, kila mchoro kwenye chokaa unainuka. Nenda mwezi wa kumi mwanzoni saa moja asubuhi uone, utanishukuru.

Majahazi nayo. Kuna siku nilikua hapo kwenu ufukweni napiga jahazi limelala ubavu, mbao zimetoka, mataruma yako wazi kama mbavu za ng'ombe, mimi nazunguka tu nainama nainuka. Mzee mmoja amekaa kwenye gogo anasokota pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi za mbao, akaniita, "Mwanangu, mbona unampiga picha mgonjwa bila kumjulia hali?" Nikadhani ananitania. Kumbe jahazi la nduguye, halijafa, wanasubiri hela ya mbao. Nikakaa nae mpaka maji yakajaa, akanionyesha mkuku, akanionyesha ubao aliougonga yeye akiwa kijana, na mkono wake ukiwa juu ya ule ubao ndo nikapiga. Tangu siku hiyo sehemu yoyote napoona kitu kimetelekezwa naulizia kwanza mwenyewe nani, na mpaka leo sijakosa jibu.

Habari dada, nina droni ndogo, naweza kurusha juu ya magofu?

Usirushe kabla hujapata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye magofu uongee pia na watu wa mambo ya kale, sheria yake ipo tangu 1964. Ukifika pale mlangoni muulize mlinzi wa kituo, atakuelekeza.

Dada yangu shikamoo. Babu yangu alifanya kazi shamba la mkonge huku Muheza miaka na miaka. Kiwanda kimesimama, korona (mashine ya kukwangua mkonge itoke singa, yani nyuzi zake) ina kutu, reli za toroli zimemezwa na majani. Nataka kupiga kabla vyuma havijauzwa ila mlinzi ananifukuza.

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Mlinzi anafanya kazi yake, usigombane nae wala usipite uani. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa shamba, sema wewe ni mjukuu wa nani, alifanya kazi kitengo gani, unataka siku moja tu. Watu wa mashamba wanajuana, jina la babu litafungua mlango haraka kuliko la kwako. Mkonge wenyewe uliingia nchini 1893, Mjerumani mtaalamu wa kilimo anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche Florida na iliyofika hai ni 62 tu, ikaoteshwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 ndo yakaja mashamba yote haya na maisha ya kina babu. Kwaiyo unachokipiga sio kidogo.

Kama babu ana nguvu nenda nae. Vaa viatu vigumu, kwenye zile nyasi kuna vyuma na nyoka, na ndani usisimame chini ya bati lililolegea. Usimuelekeze babu akae wapi, muache atembee, wewe fuata nyuma kimya, utamuona atasimama mwenyewe mahali alipokua anasimama zamani, labda mdomoni mwa korona, labda kule kwenye kamba za kuanikia singa. Piga hapo. Na rekodi sauti yake kwa simu akikutajia kila mashine inaitwaje, maana vyuma vikiuzwa majina nayo yanaondoka.

Nitumie ile ambayo babu atasimama kwenye reli ya toroli, hata kama imetoka na ukungu. Nataka niione.