Jibu: Nazunguka nyumba tupu tu, gemu imeharibika?

Salama mkuu. Umesema umecheza Gone Home dakika 40, hakuna adui wala pointi, unahisi imeharibika. Haijaharibika. Gemu hiyo ya 2013 ndivyo ilivyo: unafungua droo, unasoma barua, habari za familia zinajitokeza taratibu. Fungua ramani kwanza, utafute upande wa nyumba ambao hujafika.

Mimi niliimaliza usiku mmoja hapa Nkuhungu, spika zikiwa juu. Mvua ya kwenye gemu ilinyesha hadi nikatoka kuanua nguo. Nje kukavu, vumbi letu la Dodoma lilelile. Sauti ile peke yake naipenda mno.

Ni fupi kweli, na kuirudia sioni sababu. Ukichoka ukimya, jaribu Firewatch ya 2016, walau una redio ya kuongea na mtu.