Kamera za Wi-Fi au za waya?

SWALI: Nataka kufunga kamera 4 nyumbani. Fundi mmoja anashauri za Wi-Fi, mwingine za waya. Umeme kwetu hukatika ovyo. Nichukue zipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, chukua za waya. Hiyo ya Wi-Fi nayo kwa kawaida inahitaji waya wa umeme, kwa hiyo kutoboa ukuta kuko palepale, na kuta za tofali hudhoofisha mawimbi. Kamera nyingi za waya za IP (za mtandao wa kompyuta) hupata umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja wa mtandao, usiozidi mita 100. Dai waya wa shaba halisi. Ule wa alumini iliyopakwa shaba (mafundi huupenda kwa bei) hupoteza umeme njiani: mchana kamera iko shwari, usiku taa za infraredi (za kuonea gizani) zikiwaka inazima na kujiwasha.

Kamera 4 za 1080p (ubora wa picha wa Full HD), kila moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde bila kupumzika, hujaza takriban gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 2 hutunza siku 23 hivi.

Getini usiweke lenzi ya milimita 2.8, itaonyesha uwanja mzima, lakini sura ya mtu aliye mita 10 haitatambulika. Weka ya milimita 6, kimo cha mita 2.5.

Umeme ukikatika, UPS ndogo ya kompyuta (kifaa chenye betri ya akiba) haitavuka usiku. Mfumo ukila wati 50, inveta na betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, zitakupa saa 10 hivi bila kuichosha betri.