Krediti za muhula wa ng'ambo: nifanyeje zisipotee nikirudi?

SWALI: Nasoma shahada ya uchumi, mwaka wa tatu. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha Ujerumani kuanzia Oktoba, kisha nirudi kumalizia chuoni kwangu. Kwetu mwaka una krediti 120 na kila kozi ina krediti 15. Mwenzangu aliyenitangulia alifaulu masomo yote aliyoyachukua huko, lakini aliporudi alihesabiwa kozi mbili tu na ikabidi arudie muhula. Tatizo huwa wapi, na nifanye nini kabla sijaondoka?

JIBU: Mwanafunzi aliyefaulu kila mtihani na bado akanyimwa krediti, mara nyingi amekwama katika moja ya mambo mawili. Ama kozi alizosoma hazikuidhinishwa kwa maandishi na idara yake kabla hajasafiri, ama hesabu ya krediti haikutosha. Yote mawili humalizwa mezani kwa mkuu wa idara yako, miezi kadhaa kabla ya kupanda ndege. Ukiwa umeshafika Ujerumani huna tena nguvu ya kubadili mengi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoangusha hata wanafunzi makini. Vyuo vya Ulaya hutumia ECTS, mfumo wao wa pamoja wa kuhesabu na kuhamisha krediti: mwaka mzima ni krediti 60, muhula ni 30. Kwenu mwaka ni 120. Basi krediti moja ya ECTS ni sawa na mbili zenu. Usijaribu kubadilisha kwa kulinganisha saa. Ujerumani krediti moja huhesabiwa saa 30 za kazi yote (kuhudhuria, kujisomea, kuandika, kujiandaa kwa mtihani), na mifumo ya krediti 120 kwa kawaida huhesabu saa 10. Ukifuata njia hiyo utapata tatu kwa moja, na hakuna idara itakayokukubalia. Kinacholinganishwa ni sehemu ya mwaka wa masomo.

Sasa angalia kinachotokea. Kozi yako ya krediti 15 inahitaji ECTS 7.5. Kozi nyingi za Ujerumani zina 5, 6 au 9. Ukichukua ekonometria ya krediti 6 ili isimame mahali pa ekonometria yenu, umeleta 12 kati ya 15. Ukifanya hivyo kwa kozi nne, umefaulu zote nne na kila moja imepungua krediti 3. Jumla ni 48 badala ya 60. Karani anayelinganisha kozi kwa kozi ana haki ya kuzikataa zote, ingawa mtu ukimtazama unaona amesoma.

Dawa yake ni kuomba ulinganisho wa kundi kwa kundi: kozi 5 za ECTS 6, jumla 30, zisimame mahali pa kozi zenu 4 za krediti 15, jumla 60. Utaratibu huu si upendeleo. Hata makubaliano ya masomo yanayotumika katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, yana majedwali mawili, moja la kozi za ugenini na jingine la kozi zinazofutwa nyumbani, na hayadai kila mstari ufanane na mwenzake. Jumla ndiyo inayotazamwa. Kozi ambazo idara haitakubali ziyeyushwe ndani ya kundi ni zile za lazima, hasa zinazotangulia kozi nyingine za mwaka wa mwisho. Hizo zitafutie mwenza wake mmoja mmoja. Usipompata, iache kozi hiyo uisome nyumbani, na ugenini chukua za hiari.

Katika kutafuta kozi, jina lisikudanganye. "Uchumi Mkuu II" inaweza kuwa marudio ya kile ulichosoma mwaka wa kwanza, au ikawa ngazi ya uzamili. Fungua kitabu cha moduli cha kitivo, ambacho Wajerumani hukiita Modulhandbuch, na usome mambo matano: mada, kozi tangulizi, lugha ya kufundishia, aina ya mtihani, na muhula inapofundishwa. Hilo la mwisho husahaulika. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tazama orodha ya muhula wa baridi (unaoanza Oktoba) uliopita, si ya muhula wa kiangazi uliopo mtandaoni unapotafuta. Pia katika orodha utaona namba mbili. SWS ni vipindi vya dakika 45 kwa wiki. LP au ECTS ndizo krediti. Kozi ya SWS 4 inaweza kuwa na krediti 6. Ukiandika 4 kwenye fomu yako, umejipunja mwenyewe.

Pakua kurasa hizo kama PDF. Viungo vya mtandaoni hubadilika kila mwaka, na anayekagua matokeo yako miezi minane baadaye atataka kuona mada zilizofundishwa.

Ukishapata kozi, omba idhini ya kozi 5 pamoja na 3 za akiba, maana ratiba hugongana na kozi nyingine hujaa. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa haiidhinishi maudhui ya masomo. Yenyewe hushughulikia nafasi, bima na barua. Mwenye mamlaka ni mkuu wa idara, au mratibu wa mitihani kama kanuni zenu zinasema hivyo. Ombi fupi linatosha:

"Naomba idhini ya kusoma kozi zilizoambatishwa (ECTS 30) katika muhula wa Oktoba hadi Machi, zihesabiwe mahali pa kozi zetu nne zifuatazo (krediti 60), kundi kwa kundi. Nimeambatisha muhtasari wa kila kozi. Naomba pia kujua kama alama zitaingia kwenye wastani wangu au zitaandikwa 'amefaulu' tu, na kozi nikiikosa itahesabiwaje."

Jibu la mdomo halina uzito. Mkuu wa idara akihama, maneno yake huondoka naye. Taka sahihi, tarehe na mhuri, au angalau barua pepe kutoka anwani ya chuo.

Kuhusu alama: Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, na 5.0 ni kuanguka. Karani asiyejua hilo anaweza kuisoma 1.3 kama balaa. Kanuni inayotumika sana huko kubadili alama za kigeni ni hii: toa alama uliyopata kutoka alama ya juu kabisa ya mfumo wako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kama kwenu kufaulu ni 40 na ya juu ni 100, aliyepata 70 huwa na 2.5. Ukigeuza upande wa pili, 2.0 ya Ujerumani inakuwa 80.

Kasoro yake ni kwamba inachukulia alama husambaa sawasawa kila mahali. Mahali ambapo 70 tayari ni daraja la kwanza na ni wachache wanaoivuka, mwenye 70 huonekana wa kawaida. Ni haki zaidi kulinganisha mgawanyo: asilimia ngapi ya wanafunzi hupata kila alama. Mwongozo wa ECTS wenyewe unaelekeza hivyo, kwa hiyo omba jedwali la mgawanyo liambatane na matokeo yako. Idara yako ikiamua kuandika "amefaulu" tu, usibishe. Mara nyingi huo ndio uamuzi salama kwako.

Ukifika, kuna mtego mmoja unaokula wageni. Kujiandikisha kozi na kujiandikisha mtihani ni vitu viwili tofauti. Chuo hufungua dirisha la usajili wa mitihani katikati ya muhula, na likifungwa limefungwa. Aliyehudhuria vipindi vyote bila kujisajili huondoka na cheti cha mahudhurio, ambacho hakina krediti hata moja. Tena kozi nyingi hupimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho, wenye alama zote. Hakuna kazi za muhula za kukubeba.

Muhula wa baridi wa vyuo vikuu huanza rasmi 1 Oktoba na kuisha 31 Machi. Vipindi huisha katikati ya Februari, mitihani huendelea hadi Machi. Kama muhula wenu unaanza Februari, zungumza na wahadhiri wiki ya kwanza kuhusu mtihani wa mapema au kazi ya kuandika badala yake, na usinunue tiketi ya kurudi kabla ya kuona tarehe. Mtihani wa marudio nao huja wiki kadhaa baadaye, wakati wewe umeshaondoka.

Ukibadilisha kozi, andika barua pepe kwa idara siku hiyohiyo na usubiri jibu. Chini ya Erasmus+ mabadiliko hutakiwa kukamilishwa mapema, ndani ya wiki chache tangu muhula uanze. Ni kipimo kizuri hata kama hauko katika mpango huo.

Kabla ya kujiondoa kwenye usajili wa chuo cha Ujerumani, ingia kwenye akaunti yako na upakue orodha ya matokeo, kwa sababu akaunti nyingi hufungwa baada ya hapo. Orodha hiyo ni kinga tu. Msajili wenu atahitaji transkripti rasmi yenye maelezo ya mfumo wa alama, iliyotumwa na chuo chenyewe, na jina lako likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Hifadhi pia mitihani iliyosahihishwa na orodha ya vitabu vya kila kozi. Kozi ikikataliwa, rufaa yako itasimama juu ya karatasi hizo pamoja na ile idhini yenye mhuri.