Amiri Jeshi Mkuu si jenerali

Kuna mtu kaandika kwenye kundi letu: "Amiri Jeshi Mkuu, Jenerali Jacob Mkunda." Ni sawa?

Si sawa, na kosa hili nakutana nalo mara kwa mara. Ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema Rais ndiye Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Jenerali Mkunda, aliyeteuliwa Juni 2022, ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Hakuna askari aliye juu yake, lakini yupo raia aliye juu yake. Tazama siku za kuapishwa pale Ikulu: jenerali amevaa magwanda yake rasmi, anakakamaa, anampigia saluti Rais, mama aliyejitanda mtandio. Saluti ile ndiyo maana yenyewe ya neno. Ukimwita jenerali Amiri Jeshi Mkuu, umempa madaraka ambayo wananchi wamemkabidhi mtu waliyempigia kura.

Rais akiwa mwanamke, tuseme "Amira"?

Hapana. Tangu Machi 19, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan anaitwa Amiri Jeshi Mkuu, kama waliomtangulia. Ni jina la wadhifa. Wingi wake ni Maamiri Jeshi Wakuu.

Mnadhimu Mkuu ni nani, na neno hili limetoka wapi?

Ni msaidizi wa kwanza wa Mkuu wa Majeshi, mratibu wa kazi za makao makuu. Neno lenyewe nalipenda sana. Liweke kando ya *nidhamu*, kisha kando ya *nadhamu*, yaani utungo wa mashairi. Yote matatu yametoka kwenye shina moja la Kiarabu lenye maana ya kupanga vitu vikae kwa utaratibu. Malenga hupanga mizani na vina. Mnadhimu hupanga askari, chakula, magari na risasi. Bungeni nako wapo wanadhimu, wanaowapanga wabunge wa upande wao.

"Amir" au "Amiri"?

Amiri. Neno lilishaingia Kiswahilini, limalizie kwa irabu.

Kenya nako ni hivyo hivyo?

Ndiyo. Kwa Katiba ya 2010, Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, na jenerali anayeongoza Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ni Mkuu wa Majeshi.