Kufunga choo: kwa nini sanamaki haimalizi tatizo

Swali: Mimi ni mama wa miaka 37, ninauza duka la vitambaa mjini Tanga. Kwa karibu mwaka mmoja sasa napata choo mara mbili tu kwa wiki, nacho ni vipande vigumu kama vya mbuzi. Asubuhi ninakunywa chai ya rangi na maandazi mawili; mchana ni wali au ugali wa sembe kwa samaki. Choo cha pale dukani tunashirikiana wengi, kwa hiyo hujizuia mpaka nirudi nyumbani. Jirani alinielekeza sanamaki: nikinywa naharisha na tumbo linasokota, kisha nakaa siku tatu au nne bila choo, nalazimika kunywa tena. Tangu niandikiwe vidonge vya kuongeza damu miezi miwili iliyopita hali imezidi. Je, kuna dawa ya asili au chakula cha kunisaidia?

Jibu: Pole sana, dada. Nitaanza na zile siku tatu au nne unazokaa bila choo baada ya sanamaki, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Majani hayo huusisimua utumbo mpana ujikaze, na kwa kawaida hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana anayekunywa usiku huamka na msokoto. Ukishaharisha siku nzima utumbo hubaki mtupu, nao kwa mlo wenye makapi machache kama wako huchukua siku kadhaa kujaa tena. Kukosa choo siku hizo si ugonjwa uliorudi. Ni utumbo kukosa cha kutoa. Ukinywa tena siku ya nne unauhangaisha bure, na kila kuharisha kunakupotezea maji na madini ya potasiamu ambayo misuli ya utumbo wenyewe inayahitaji.

Sanamaki si sumu, na hata hospitalini hutolewa ikiwa vidonge vyenye kipimo kinachojulikana. Tatizo la majani ni kwamba konzi moja haifanani na nyingine kwa nguvu. Isitumike zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari. Shubiri na mafuta ya nyonyo nayaweka katika kundi hilohilo, na mafuta ya nyonyo mjamzito asiyaguse kabisa kwa kuwa yanaweza kuamsha uchungu.

Tuje kwenye sahani yako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, ilhali maandazi mawili ya unga mweupe hayafikishi hata gramu 3. Nyuzinyuzi ndizo zinazoshika maji ndani ya utumbo na kukipa choo ujazo na ulaini. Bahati nzuri uko Tanga, ambako andazi lina mwenzake wa tangu zamani: mbaazi za nazi. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11, kwa hiyo punguza andazi moja na uongeze bakuli la mbaazi, nawe utakuwa umekaribia nusu ya safari kabla hujafungua duka. Mchana, badili sembe, ambayo imekobolewa pumba na kiini, kwa dona. Kama nyumbani wanalikataa, changanya nusu kwa nusu, kisha pembeni yake iwepo mboga ya kutosha, iwe matembele, mchicha au bamia.

Kuhusu matunda, nina neno na sisi tunaopata machungwa ya Muheza: tunalimenya, tunalikata kichwa, tunalifyonza, halafu tunatupa makapi, yaani tunatupa kilekile tulichokihitaji. Kata vipande, ule na nyama yake. Papai bivu nalo linafaa, ingawa si kwa sababu ya kimeng'enya kinachosifiwa sana, ambacho kimejaa zaidi kwenye utomvu wa papai bichi. Linalokusaidia ni maji na nyuzinyuzi zake. Mtindi ni chakula kizuri, lakini usiutegemee peke yake.

Ongeza vyakula hivi taratibu kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi, na unywe maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu.

Hata hivyo, nahofia choo cha dukani kuliko hata maandazi. Haja inapozuiwa, kinyesi hukaa chini kikizidi kunyonywa maji, na baada ya muda mwili huacha hata kuitangaza haja hiyo. Utumbo huchangamka zaidi baada ya kifungua kinywa, kwa hiyo amka mapema kidogo, ule, kisha nenda chooni dakika 10 bila kujikamua. Kuchuchumaa kunanyoosha njia. Kama choo chako ni cha kukalia, weka kigoda kifupi chini ya miguu.

Vidonge vya kuongeza damu hukausha choo na kukifanya cheusi, hilo linajulikana. Usiviache mwenyewe, mweleze aliyekuandikia, kwani dozi au aina inaweza kubadilishwa. Chai ya rangi iache mbali na kidonge, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, ilhali chungwa husaidia.

Muulize pia damu yako ilipungua kwa sababu gani, maana upungufu wa damu ukiambatana na mabadiliko ya choo haufai kupuuzwa. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, au ukikonda bila sababu, nenda kituo cha afya bila kusubiri mbaazi zifanye kazi. Tumbo likivimba, ukatapika na hata upepo usitoke, hiyo ni dharura ya saa ileile, na siku hiyo usinywe sanamaki wala dawa nyingine yoyote ya kuharisha.