Masta Ujerumani: anza na mfadhili, chuo kifuate

Barua ya kukubaliwa chuo iliingia kwenye simu yangu nikiwa nimekaa juu ya mnara wa tenki la maji wilayani Manyoni, mwaka 2021. Pale juu ndipo mtandao ulipokuwa unashika vizuri. Chuo cha serikali, Ujerumani, shahada ya uzamili ya mambo ya maji, ada hakuna. Nilishuka ngazi huku namtafuta mama kwenye simu, na jioni ile nyumbani walichinja kuku.

Wiki iliyofuata nikasoma masharti ya viza. Ada ni kweli haipo, lakini lazima uoneshe kwamba utaweza kuishi mwaka mzima. Unafungua akaunti maalumu ambayo Wajerumani wanaiita Sperrkonto, unaweka fedha zote kwa mkupuo, kisha ukishafika unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi tu. Wakati ule ilikuwa euro 10,332, karibu shilingi milioni 28. Mshahara wangu wa miaka mitatu usingefika, hata kama ningeamua kutokula. (Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani 992 kwa kila mwezi.) Mjomba alishauri tuuze kiwanja cha familia. Nilikataa, na nafasi ile ikaniponyoka.

Nilikwenda mwaka uliofuata kwa ufadhili, na kiwanja bado kipo. Kilichobadilika katikati ni mpangilio tu. Mara ya kwanza nilitafuta chuo, nikapata, ndipo nikaanza kuuliza fedha itatoka wapi. Mara ya pili nilianza na mwenye fedha, nikauliza anasomesha kozi zipi na anamtaka mtu wa aina gani. Wadogo zangu wengi wanaoniandikia WhatsApp wako pale nilipokuwa mara ya kwanza: wana barua ya chuo mkononi na wanauliza, "Dada, naweza kupata wapi sponsa?" Inaniuma kuwajibu, kwa sababu mara nyingi wakati wa kuomba fedha ya kozi ile umeshapita.

Nitaeleza njia niliyopita mimi. Shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, DAAD, lina mpango unaojulikana kama EPOS, kwa ajili ya watu wa nchi zinazoendelea. Kila mwaka hutolewa orodha ya kozi zinazohusu maendeleo: maji, misitu, mipango miji, afya ya jamii, uchumi, uhandisi. Kozi zilizomo kwenye orodha ile ndizo zenye nafasi za kusomeshwa. Maombi unayapeleka kwenye kozi yenyewe, na wao ndio wanaochuja na kupendekeza majina. Tarehe za mwisho hazifanani, kila kozi ina yake, na nyingi huangukia takriban mwaka mzima kabla masomo hayajaanza. Ukishinda, unapata posho ya kila mwezi, siku hizi euro 992 kwa masta, pamoja na bima ya afya na mchango wa nauli. Wengine hupewa pia kozi ya lugha kabla ya masomo. Ile akaunti ya mamilioni huihitaji tena, barua ya ufadhili inatosha ubalozini.

Sharti ambalo watu hulisoma juu juu ni hili: uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo isiwe imezidi miaka sita. Piga hesabu. Aliyemaliza chuo 2022, dirisha lake linafunguka kwenye 2024 na kufungwa kwenye 2028. Kwa hiyo kama umeajiriwa mwaka jana wilaya ya mbali na unajiona umesahaulika, tulia ufanye kazi. Miaka ile ya vumbi ndiyo inayokupa sifa. Na kama umekaa kazini miaka mitano ukisubiri mambo yakae sawa, omba mwaka huu.

Barua ya maelezo binafsi nataka niikalie kidogo, maana naamini ndiyo iliyonibeba. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu." Ukurasa mzima ulikuwa wa namna hiyo. Mhandisi mwenzangu, mtu mzima, mkimya, aliisoma akanirudishia na swali moja: "Ile pampu ya kijijini mbona hujaiandika?" Alikuwa anasema kisima kimoja cha pampu ya mkono kilichokufa miezi minane baada ya kuzinduliwa. Tulipoifungua, tatizo lilikuwa kipande cha mpira kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda. Kipande kile hakikupatikana duka lolote mjini, na kamati ya maji ya kijiji haikuwa na mfuko wa matengenezo. Akina mama walikuwa wamerudi kuchota kwenye kisima cha kuchimba kwenye mchanga, na ndoo zao walizipanga foleni kando ya pampu isiyotoa tone. Nikaandika hicho. Nikaeleza kwamba chuo kilinifundisha kuchimba kisima, lakini hakikunifundisha namna ya kukiweka hai miaka kumi, na kwamba kozi ninayoomba ina masomo mawili yanayohusu jambo hilo, nikayataja kwa majina. Barua ikawa fupi kuliko ile ya kwanza, na kila sentensi ningeweza kuitetea mbele ya mtu.

Upande wa mwajiri, usiwafiche. Omba ruhusa ya masomo mapema na kwa maandishi, kwa sababu wafadhili wengi wa aina hii wanataka kuona una mahali pa kurudi. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, kumbuka kwamba ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kupitia mwajiri. Mshahara ukisimama, makato yanasimama lakini deni liko palepale, kwa hiyo wasiliana nao kabla hujapanda ndege.

Halafu kuna fedha ya kuifikia fedha, ambayo tangazo halikuambii. Mtihani wa Kiingereza, transkripti na nakala zilizothibitishwa, nauli za kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi, viza yenyewe euro 75. Chuo kinachopokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, kinakudai euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Mwezi wa kwanza Ujerumani ulikuwa mgumu kuliko yote. Benki niliyokwenda haikunifungulia akaunti bila cheti cha kusajili makazi, cheti hakipatikani bila chumba, na chumba kinataka dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Posho yangu ilikuwepo lakini haikuwa na pa kuingilia. Niliishi kwa euro 600 ambazo dada yangu alizikopa kwenye kikoba chao, nikiziweka ndani ya soksi na kuzihesabu kila usiku. Sisi tunajua kuchangishana. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa miezi miwili. Waombe ndugu kwa ajili ya hili pia, na uwape hesabu kamili ya kila kitu.

Ukikosa EPOS, njia hazijaisha. DAAD hiyohiyo inasomesha watu masta na uzamivu ndani ya vyuo vya Afrika, na mimi naona nafasi hizo zinapuuzwa bure. Wakfu zinazofungamana na vyama vya siasa vya Ujerumani, kama Friedrich Ebert na Konrad Adenauer, husomesha pia wageni, ila zinaangalia sana ushiriki wako katika jamii. Kwa uzamivu, mara nyingi hutafuti ufadhili bali kazi: nafasi zinatangazwa kama ajira, na unalipwa mshahara kwa mkataba. Aliyeko kule tayari anaweza kuomba ufadhili uitwao Deutschlandstipendium, euro 300 kwa mwezi, na mwanafunzi wa kutoka kwetu anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Usiende ukitegemea kazi hiyo kukulipia kila kitu. Niliwaona waliofanya hivyo wakisinzia darasani na kurudia mitihani.

Anayekwenda kwa gharama zake aangalie mambo mawili. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na bima ya afya ya bei ya mwanafunzi inakoma ukifika miaka 30. Mwenzangu mmoja aliingia akiwa na 32, akakuta bima inakula sehemu ya bajeti ambayo hakuipanga kabisa.

Tena, usimlipe mtu anayekuahidi kukutafutia ufadhili. DAAD haitozi ada ya kuomba. Kuna kijana alinitumia risiti ya shilingi laki nne aliyompa wakala, na kazi aliyofanyiwa ilikuwa kujaziwa fomu ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Mdogo wangu anaomba mwaka huu, yuko kwenye misitu. Nimemwambia kabla ya fomu yoyote aniandikie aya moja tu kuhusu kitu kimoja alichokiona kazini kikamsumbua. Ameileta jana usiku, inahusu mizinga ya nyuki iliyohamwa. Leo jioni tunakaa kuisoma pamoja.