Roboti Kubwa: Anza na Matundu, Rangi Itafuata

Mdogo wangu, vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, walionunua roboti yao ya kwanza huniuliza waanze na rangi gani. Huwaambia wafunge makopo kwanza. Roboti kubwa ya mchezo wa vita wa mezani, yaani sanamu ya plastiki unayoiunga na kuipaka rangi mwenyewe, kama Imperial Knight za Games Workshop ya Uingereza, hupendeza au huharibika kabla brashi haijalowa, pale unapoamua kipi kigundishwe na kipi kishikwe na sumaku.

Boksi moja lina silaha za aina kadhaa, lakini mabega ni mawili tu. Ukigundisha mzinga, ndiyo basi. Ukitia sumaku, leo unacheza na mzinga, kesho na msumeno wa mnyororo, roboti ni ile ile. Kwetu, ambako boksi linanunuliwa kwa kudunduliza na kufika kwa basi kutoka Dar es Salaam, jambo hilo si dogo.

Kwanza pachika kila kitu bila gundi, ukishikiza kwa ulimbo wa kubandikia picha ukutani. Meli yetu ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliundwa hivyo hivyo: Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 waliiunga kwa bolti, wakaifungua, wakaifunga kwenye makasha, na ribiti za kudumu zikapigwa hapa Kigoma kabla haijashushwa majini mwaka 1915. Wewe nawe inua mkono, zungusha kiuno, tazama kama silaha inagonga paja. Miguu igundishe kabisa. Sijaona faida ya kuitia sumaku.

Sumaku ziwe za neodimiamu, aina yenye nguvu kuliko za kawaida. Zile nyeusi za spika za redio ni dhaifu mno kwa ukubwa wake. Za diski kuu za kompyuta kuukuu zina nguvu kweli, lakini usijaribu kuzikata: hupasuka, na unga wake unashika moto. Nunua za duara. Mimi hutumia za milimita 5 kwa 2 (upana kwa unene) kwenye viwiko na 6 kwa 3 mabegani. Toboa kwa drili ya mkono, anza na ncha ya milimita 2 ndipo upande taratibu, maana ncha nene ikianza peke yake huteleza na kula plastiki pembeni. Sumaku ikae sawa na uso wa plastiki. Nafasi ndogo tu kati ya sumaku mbili hupunguza sana mvuto, kwa hiyo hata rangi usiipake usoni pake.

Sasa nikuombe utulie hapa kwenye ncha za sumaku, upi unavuta na upi unasukuma. Roboti yangu ya pili niligundisha sumaku ya bega la kulia kinyumenyume. Gundi ilipokauka nikaleta mkono, ukasukumwa nyuma. Nilichokonoa sumaku ile kwa kisu mpaka bega likapasuka, na ufa ule ninauona hadi leo chini ya rangi. Tangu hapo nina vijiti viwili vya mshikaki, kila kimoja kina sumaku nchani: chekundu cha miili, cheupe cha silaha, na ncha zake zinavutana. Kila sumaku ya mwili huipeleka tunduni ikiwa imening'inia kwenye kijiti chekundu. Ya silaha, kwenye cheupe. Kijiti ukikitoa, kitelezeshe pembeni, usikivute juu, la sivyo kinatoka na sumaku yake. Ukishika utaratibu huu, silaha ya roboti yoyote itaingia kwenye roboti nyingine yoyote.

Ngozi ya sumaku ni laini, gundi haiing'ang'anii. Ikwaruze kwa msasa. Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana masika hapa ziwani hukauka upesi na kuacha ukungu mweupe. Weka tone moja tu. Bega linalobeba silaha nzito nalipa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya, nikaliacha usiku kucha.

Na hili nalisema kwa uzito wote: hesabu sumaku zako kabla na baada ya kazi. Mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Ikidondoka moja, kazi isimame hadi ionekane.

Rangi sasa. Mifupa ya roboti na mabamba ya deraya, yaani ya kinga ya nje, vipake kando kando, mabamba yakiwa yameshikizwa kwenye vijiti. Praima ya kopo, yaani rangi ya msingi, usiipulize asubuhi yenye unyevu, inakaa kama vumbi. Subiri hadi saa nne asubuhi, kivulini, pasipo upepo. Rangi ya akriliki izimue kwa maji, upake mara mbili nyepesi. Joto letu huikausha ubaoni kabla hujachovya tena, hivyo mimi huichanganyia juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye sponji mbichi.

Kwa uchakavu, nenda ufukwe wa Kibirizi ukaangalie maboti. Rangi imebanduka pale kamba inaposuguana na ukingo, na chini ya kila msumari kuna mchirizi wa kutu, mpana juu, mwembamba chini. Kaa nusu saa utazame. Ukirudi, weka kutu chini ya bolti tu, na mikwaruzo kwenye kingo za magoti na mabega. Wengi hutapanya kila mahali, roboti ikaonekana imechafuka, si kwamba imefanya kazi.

Vanishi ikikauka, tafuta kopo la bati la biskuti. Mikono na silaha zinanata zenyewe ukutani mwa bati, na mimi huenda nazo kwa bajaji hadi Ujiji, barabara na matuta yake yote, zikafika bila rangi kubanduka.